Mayai ya Wageni

Safari hii Dafroza hakuuliza kaitiwa nini shuleni. Alijifunga khanga ya pili kiunoni, akashika njia. Mtu akishaitwa shule kwa habari ileile mwaka hadi mwaka, anakwenda tu, hana hamu, ila atafanyaje? Magoti yalimuuma. Mgongo ulimuuma. Udaga wake, muhogo alioumenya na kuuvundika kwa mikono yake, alikuwa ameuanika juu ya jiwe nyuma ya nyumba, na mbuzi wa jirani hawana adabu hata chembe. Siku hiyo hata mbuzi aliwaachia Mungu.

Shule yenyewe haiko mbali na barabara ile inayopita Kiabakari kwenda Musoma. Mwalimu Prosper alimtolea kiti nje ya darasa, kivulini mwa ukuta. Kijana mstaarabu, si mtu wa kufoka. Angekuwa mfokaji ingekuwa nafuu, maana Dafroza angepata wa kumkasirikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Amepiga mtu?"

"Nani, Nyamhanga? Hapana, mama. Nyamhanga hata inzi hapigi. Ni habari ya kusoma."

"Ileile?"

"Ileile." Mwalimu alikuna kichwa. "Mama, wiki hii nimemfundisha herufi nne tu. Asubuhi anazisoma mpaka wenzake wanampigia makofi. Wakitoka mapumziko wakarudi, zimepotea zote, kama hatukuwahi kuonana nazo. Nimefundisha wavivu, nimefundisha watundu. Huyu sio mvivu. Anajitahidiga mpaka jasho linamtoka. Inaniuma kumwangalia."

Dafroza alichungulia dirishani. Mjukuu wake, miaka tisa, alikaa katikati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakigonga meza kwa chini. Wenzake alioanza nao shule walikuwa wameshapita mbele. Alikuwa ameinamia daftari akibonyeza kalamu kama anachimba shimo, na ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

"Mama, huyu mtoto alizaliwaje?" mwalimu aliuliza.

Hapo Dafroza alijiweka sawa kwenye kiti. Hilo lilikuwa swali lenye jibu, tena jibu la kujivunia. "Alizaliwa vizuri kabisa! Kadogo, kepesi, mama yake hakupiga hata kelele moja. Nilikuwa nasonga ugali. Kabla sijaipua, kameshatoka."

"Kadogo kiasi gani?"

"Kadogo tu. Ungeweza kukalaza kwenye bakuli la kunawia."

Mwalimu Prosper hakucheka. Alitazama chini, akasema yeye ni mwalimu tu, mambo ya hospitali hayajui, lakini ingefaa mtoto apelekwe akaonwe na wataalamu. "Na mama yake aende naye, wamuulize. Nimesikia ni mjamzito. Ni vizuri naye aonwe mapema."

Dafroza alirudi nyumbani polepole. Mbuzi walikuwa wameshapita kwenye udaga.

Hapa lazima tumtaje Rhobi, maana bila Rhobi utamwona Dafroza ni mama mkwe katili, na sivyo, jamani, sivyo kabisa.

Rhobi alikuwa mtoto wake wa kwanza. Miaka hiyo Dafroza aliitwa Mama Rhobi, na kijijini hakuna aliyejua jina lake lingine. Binti aliolewa upande wa Bunda, na mimba ya kwanza ilipokua alirudi kujifungulia kwa mama yake. Dafroza alimpokea kwa mikono miwili. Akamlisha mayai, akamlisha maziwa, dagaa wa Musoma, hata maini, mpaka wanaume wa nyumbani wakanung'unika kwamba siku hizi maini wanayasikia harufu tu. Wanawake wakubwa wakamwonya: mjamzito hashibishwi, mtoto atanenepa tumboni, atashindwa kutoka. Dafroza akawacheka. Mwanangu ale, alisema, kwani chakula ni cha nani?

Uchungu ulimshika Rhobi Ijumaa jioni. Mwanamke wa ukoo ule habebwi akilia barabarani watu wakamwona. Anakaza meno ndani ya nyumba ya mama yake mpaka yaishe. Rhobi akakaza meno, na Dafroza akamshika mkono na kumsifu kwa kukaza. Jumapili, watu wakiwa kanisani, yakaisha. Wakazikwa wawili, Rhobi na mtoto wa kiume mkubwa, mzuri, mwenye nywele nyingi.

Msibani wanawake walisema, na walisema mahali anaposikia: "Si tulimwambia? Kamshibisha."

Neno hilo lilimwingia likakaa. Toka siku ile hakuitwa tena Mama Rhobi. Watu walimwonea huruma, wakaanza kumwita Mama Mugeta, kwa jina la mwanawe wa pili.

Basi Mugeta alipokua, akapata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Musoma, akaoa Jenipher na kumleta Kiabakari akae na mama, Dafroza alimpenda binti yule mara moja. Jenipher alifiwa na mama yake akiwa mdogo, na neno mama alilitamka kwa kulionea raha. Mimba ilipoonekana, Dafroza aliapa moyoni kwamba huyu hamziki.

Akamlinda anavyojua yeye. Uji mwepesi, unaona mpaka chini ya kikombe. Ugali wa udaga, kipande cha kutosha kiganja, na mchuzi wa chumvi. Yai marufuku, maziwa marufuku, dagaa usiseme. Vile vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki, wanawake walisema vinamnenepesha mtoto, kwa hiyo Dafroza alivichukua vyote na kuvitumbukiza chooni. Jenipher alitii bila neno. Alikonda, akawa anashikwa na kizunguzungu, na giza lilipoanza kuingia jioni akawa haoni vizuri, anapapasa ukuta kutafuta mlango. Dafroza alimshika mkono na kumwingiza ndani. Vumilia mwanangu, alimwambia, ndiyo uzima wenyewe huo.

Na kweli Jenipher alijifungua salama! Dafroza alilia kwa furaha mpaka akakaa chini. Wanawake walewale wa msibani walikuja kumpongeza, wakasema safari hii umesikia la wakubwa.

Mtoto wakamwita Nyamhanga. Naye akalelewa kwa uangalifu uleule: yai asionje kabla hajasema, maana yai humfunga mtoto ulimi. Hakuonja. Na alichelewa kusema hivyohivyo. Watoto wa rika lake walikuwa wanaitana majina ya kejeli njiani, yeye bado ananyoosha kidole kuonyesha maji.

Usidhani mayai hayakuwepo. Kuku wa Dafroza wanataga vizuri tu. Ila mayai ya nyumba ile ni ya wageni: mchungaji akija, wakwe wakija, mtu wa serikali akipita. Nyamhanga alilijua hilo kuliko anavyojua herufi yoyote. Akisikia yai linagonga gonga ndani ya sufuria, anakimbia kuleta kile kiti chenye mto, anakifuta vumbi kwa mkono, halafu anasimama mlangoni kuangalia ni nani anakuja.

Baada ya Nyamhanga mimba ilikataa miaka mingi. Sasa ilikuwa imekubali, na ule uji mwepesi ulikuwa umerudi jikoni.

Walikwenda kituo cha afya upande wa Butiama kwa bodaboda mbili, Jenipher na mtoto mbele, Dafroza nyuma akila vumbi. Nesi aliyewapokea aliitwa Naomi, mwanamke wa makamo mwenye macho mekundu kwa uchovu. Foleni ilikuwa imejaa benchi na kumwagika mpaka nje. Hata hivyo hakuwaharakisha.

Alimpima Nyamhanga masikio, akampima macho, akamwambia atoe ulimi, akamchekesha kidogo. Halafu akamgeukia Jenipher na kumvuta kope la chini kwa kidole gumba. Akaguna.

"Unakula nini, mdogo wangu?"

Jenipher alimtazama Dafroza.

"Nimekuuliza wewe."

"Uji," Jenipher alisema. "Na ugali wa udaga."

"Na nini?"

"Na mchuzi."

"Wa nini?"

Dafroza akaingilia kati, maana ameshamwona nesi anakunja uso. "Tunamlinda. Mimba ya huyu hapa tulimlinda hivyohivyo, na akajifungua bila kelele."

Nesi Naomi aliweka kalamu chini. Akanyoosha mgongo kama mtu anayetafuta nguvu ya kubeba gunia jingine tena siku hiyo.

"Mama yangu, sikiliza," alisema, na hakusema kwa ukali. "Ubongo wa mtoto unajengwa akiwa humu tumboni, na miaka yake miwili ya kwanza. Unajengwa kwa alichokula mama. Kuna vitamini na madini yanayofanya hiyo kazi, yamo kwenye mayai, maini, dagaa, maziwa, majani ya kunde. Kwenye udaga ni haba sana. Sasa hiyo kazi ina mafundi wake humo tumboni, nao hawangojagi. Siku ya kujenga ukuta wanajenga, tofali liwepo lisiwepo. Pasipo na tofali wanaruka, wanaendelea. Mwisho wanaezeka, mtoto anazaliwa, ana macho, ana vidole, unaona mzima. Mapengo yako ndani, huyaoni. Utakuja kuyaona shuleni."

Dafroza alisogea mbele. "Na ukileta matofali sasa?"

"Yanasaidia. Ale vizuri, tutampeleka Musoma wampime damu, na mwalimu amvumilie. Atajifunza, ila taratibu, na siwezi kukudanganya kwamba ukuta utarudi kuwa ule ambao ungekuwa." Nesi alimwangalia Nyamhanga, aliyekuwa anahesabu vidole vyake kwa sauti na kukosea. "Tena sio kila mtoto anayechelewa ni kwa sababu hii. Wengine hatujui. Ila kwa hayo mliyonieleza, na alivyozaliwa mdogo, mimi nafikiri ndiyo. Huyu wa sasa bado mapema. Huyu bado tunaweza kumpelekea matofali yake."

Wengine wangeshukuru, wakaaga. Dafroza alibaki amekaa. Alikuwa amebeba kitu miaka yote hiyo na hajawahi kukiweka mezani kwa mtu yeyote, achilia mbali nesi asiyemfahamu.

"Wewe unaongea kirahisi," alisema kwa hasira. "Mimi niliwahi kushibisha. Nilimshibisha mwanangu wa kumzaa. Mtoto akawa mkubwa, akamuua. Unataka nimuue na huyu?"

Jenipher aliinamisha kichwa. Habari ya Rhobi aliijua, nani asiyeijua, ila hakuwahi kuisikia kwenye kinywa cha mama mkwe wake.

"Uchungu ulimshika lini?" nesi aliuliza.

"Ijumaa jioni."

"Mkampeleka hospitali lini?"

Dafroza alianza kukunja na kukunjua upindo wa khanga.

"Mama?"

"Hatukumpeleka. Alifariki Jumapili. Alikaza. Alikaza vizuri sana, hakulia."

Nje mtoto wa mtu alikuwa analia kwa sindano. Nesi Naomi alisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Pole, mama. Pole sana. Mimi sikuwepo, na kuapa siwezi. Lakini mtoto anaweza kuwa mkubwa, anaweza kuwa amekaa vibaya, nyonga inaweza kuwa ndogo, na mama akapona kwa sababu amefika hospitali mapema, akasaidiwa. Ukimnyima mama chakula, nyonga yake haipanuki. Unapunguza damu yake tu, na akivuja kidogo anakufa haraka zaidi. Mwanao hakuuawa na mayai. Kilichomuua, naona mimi, ni kukaa ndani mpaka Jumapili."

Watu wangedhani neno lile lingemtua mzigo. Ameambiwa hakuua kwa chakula chake, si afurahi? Loo, thubutu! Dafroza alifanya hesabu yake pale pale kwenye benchi, na ilikuwa hesabu mbaya. Kama si mayai, basi ule uji mwepesi ulikuwa wa nini? Jenipher kupapasa ukuta jioni kulikuwa kwa nini? Alimtazama Nyamhanga, ambaye alikuwa amefika kwenye kidole cha mwisho na kurudi mwanzo. Amemnyima bure. Alimpenda, na kwa mapenzi yale akamnyima.

Bodaboda ziliwashusha Kiabakari barabarani, karibu na akina mama wanaouza dagaa kwenye magunia. Dafroza alisimama akawatazama wale dagaa. Toka Rhobi afe alikuwa anapita pale akiwaona ni chakula cha kuku na cha watu wa mjini. Akanunua kopo moja. Jenipher alimwona, akageuza uso upande mwingine.

Nyumbani Dafroza aliingia banda la kuku akatoka na mayai kwenye upindo wa khanga. Akawasha moto. Alikuwa amechoka mpaka kope, na alitamani sana mtu mwingine aje amfanyie jambo lile, mtu ambaye hajawahi kuzika. Akaweka sufuria, akasubiri yagonge gonge. Halafu akamenya yai moja taratibu, vidole vikiungua, akaliweka kwenye sahani pamoja na chumvi na kumpelekea Jenipher, aliyekuwa amekaa mkekani amenyoosha miguu.

Jenipher alilitazama lile yai kama amewekewa nyoka.

"Kula, mwanangu."

"Hapana, mama."

"Umemsikia nesi."

"Nimemsikia. Lakini nitakufa." Machozi yalikuwa yameshamjaa. "Wewe mwenyewe ndiye uliniambiaga. Kila siku uliniambia. Nitakufa kama wifi Rhobi, na Nyamhanga nitamwachia nani, na yeye alivyo?"

Hofu ile ilikuwa yake. Aliipanda mwenyewe, akaimwagilia kila asubuhi kwa kikombe cha uji, na sasa imeota kwa mtu mwingine na haing'oki kwa neno la siku moja. Alikaa chini mkekani, na kukaa kwenyewe kulikuwa kazi, goti moja kisha jingine. Akachukua lile yai akalikata katikati. Toka siku ya mazishi hakuwahi kutia yai mdomoni. Akatia nusu, akatafuna. Lilimkaba kooni, akalisukuma kwa mate.

"Nisikilize vizuri," alisema alipoweza. "Mwezi wako ukikaribia unaenda Musoma. Unakaa kwa mumeo, kule mtaa wa Kamunyonge, na mimi nakuja kukaa na wewe. Uchungu ukianza tu, hata uwe mdogo kama wa kuumwa na siafu, tunaenda hospitali. Hatungoji asubuhi, hatungoji mtu."

"Ndiyo, mama."

"Sijamaliza. Ukifika pale, usikaze meno. Unanisikia? Lia. Piga kelele mpaka wauguzi wote waje kukuangalia. Atakayesema mwanamke wa kwetu halii, mwambie mama mkwe wangu ndiye kaniruhusu. Mwenzako nilimsifu kwa kunyamaza, Jenipher. Nilimshika mkono nikamsifu."

Hapo ndipo Dafroza alipolia, kwa sauti, kama alivyopaswa kulia miaka ile na hakulia, kwa sababu naye alikuwa mwanamke wa ukoo uleule. Jenipher alimwekea mkono begani. Wakakaa hivyo mpaka kilio kikapungua chenyewe. Kisha Jenipher akachukua ile nusu iliyobaki, akafumba macho, akala. Dafroza akamenya la pili bila kumwuliza.

Mlangoni palisikika kitu kinaburuzwa. Alikuwa Nyamhanga. Alisikia mayai yakigonga kwenye sufuria, na kama kawaida yake alikuwa amekwenda kuleta kiti chenye mto. Alikifuta vumbi kwa mkono, mara moja, mara mbili, akakiweka sawa katikati ya chumba. Halafu akasimama pembeni, akaangalia njia. Hakukuwa na mtu. Akamgeukia bibi yake.

"Bibi, mgeni nani leo?"

Dafroza alimtazama mtoto yule. Alitazama kiti, akatazama mayai yaliyobaki kwenye sufuria. Akamshika mkono, akamvuta taratibu na kumkalisha juu ya ule mto, naye Nyamhanga akakaa kwa woga, ncha tu ya kiti, tayari kuinuka mgeni mwenyewe akitokea.

"Ni wewe, mjukuu wangu," alisema. "Ulikuja siku nyingi. Hatukukukaribisha."

Nyamhanga hakuelewa. Lakini alipoona bibi anammenyea yai yeye, na mama yake anamsogezea chumvi, alicheka, akasogea nyuma mpaka mgongo wake ukagusa kiti, akafungua mdomo.